Kufufua gari la zamani nyumbani: sakafu, rangi na ekzosi, hatua kwa hatua

Anayenunua gari la zamani huanza kuitazama rangi. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana kuna magari mengi yenye bodi inayong'aa juu ya sakafu inayopitisha mwanga. Ukiamua kulifufua gari lako mwenyewe, geuza mpangilio huo: anzia chini, panda juu, kisha rudi chini kumalizia. Ekzosi hutoka kwanza na kurudi mwisho. Katikati kuna sakafu, halafu rangi. Ukiruka hatua, utajikuta unachomelea chini ya rangi mpya na kuiunguza, au unafungua bomba ulilolifunga juzi kwa sababu limekaa pale pale unapotaka kupitisha grinda.

Ipo sababu nyingine ya kuzichukua kazi hizi tatu kama kazi moja. Ekzosi inayovuja chini ya sakafu yenye matundu huingiza kaboni monoksidi ndani ya gari. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, nayo hukaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Dereva huumwa kichwa, akasinzia, akadhani ni uchovu wa safari. Kwa hiyo gari lenye matundu sakafuni na ekzosi inayonguruma lisiendeshwe kabisa, hata kulisogeza tu hadi kwa fundi, mpaka yote mawili yawe yamerekebishwa.

Kabla ya kushika spana

Tafuta mahali pakavu, penye sakafu ngumu na bapa, ambapo gari linaweza kukaa limefumuliwa kwa miezi bila kuwa kero kwa mtu. Nasema miezi, si wiki. Gari lililofumuliwa likakosa mahali pa kukaa huishia kuuzwa vipande vipande.

Chomoa betri, ukianza na waya wa hasi, uitoe kabisa kwenye gari. Kama injini ina alteneta, chomoa na nyaya zake kabla ya kuchomelea popote, maana umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kuua dayodi zilizomo. Kisha toa tenki la mafuta. Usiridhike kwa kulimwaga tu: tenki lililomwagwa ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa. Liweke nje, mbali na cheche. Mabomba membamba ya mafuta na ya breki yanayopita chini ya sakafu yafungue au yasogeze mbali. Usijidanganye kwamba utayakwepa kwa uangalifu.

Jeki ni ya kunyanyulia gari, si ya kulishikilia. Ukishalinyanyua, liweke juu ya stendi nne imara zilizokaa kwenye sehemu ngumu za chesi au kwenye maungio ya ekseli, kisha lisukume kwa bega kabla ya kuingia chini. Likicheza, shusha uanze upya. Matofali na magogo hayana nafasi hapa.

Halafu kuna vumbi, ambalo watu wengi hulipuuza. Rangi za magari ya zamani mara nyingi zina risasi (metali yenye sumu), na viungo vya bodi vya wakati ule vilijazwa kwa risasi iliyoyeyushwa, hasa pale nguzo za paa zinapokutana na bodi. Gasketi za ekzosi na blanketi za kuzuia joto huenda zina asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Usizisugue kavu wala kuzipuliza kwa hewa ya kompresa. Zilowanishe, zitoe nzima nzima, zifunge kwenye mfuko, nawe uvae barakoa yenye vichujio vya chembechembe vya daraja la P3 au P100. Nguo za kazi zisiingie ndani ya nyumba, na watoto wasichezee mahali hapo.

Piga picha za kila kitu kabla ya kukifungua. Bolti za kila sehemu zipate mfuko wake wenye maandishi. Hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote hapa na ndiyo inayoachwa mara nyingi zaidi.

Kuitoa ekzosi

Siku chache kabla, pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati zote za manifoldi (sehemu ya ekzosi iliyofungwa kwenye injini), za flanji na za klempu. Rudia kila jioni. Nati za mabomba ya nyuma zikigoma usipoteze muda nazo, zikate kwa grinda, kwani bomba hilo huenda ni la kutupwa. Za manifoldi ni jambo lingine. Stadi (bolti isiyo na kichwa) ikivunjikia kwenye kichwa cha injini, umejiongezea kazi ya kutoboa na kukata nyuzi upya. Pasha nati joto kwa tochi ya gesi (tenki liko nje, sivyo?), iache ipoe kidogo, weka mafuta tena, kisha jaribu kuikaza kidogo kabla ya kuilegeza. Mwendo huo mdogo wa kwenda mbele huvunja gamba la kutu. Nati ikianza kulegea halafu ikawa ngumu tena, irudishe nyuma, weka mafuta, endelea hivyo hivyo, robo mzunguko kwa robo mzunguko.

Bomba kuukuu usilitupe bado. Hata kama limeoza, mikunjo yake na mahali pa vishikizo vyake ndicho kipimo cha bomba jipya. Lipange chini kwa umbo lake, ulipige picha ukiwa umeweka rula kando yake, kisha uliweke pembeni hadi mwisho wa kazi.

Sakafu: maji yalitoka wapi?

Toa viti, mikanda, kapeti na kila kilichofunika bati. Pedi nzito za lami zilizobandikwa kuzuia sauti hubanduka kwa kupashwa joto kidogo na kukwanguliwa kwa patasi butu. Kama gari ni la enzi za asbesto, zilowanishe kwanza.

Sasa, kabla ya kushangaa ukubwa wa matundu, uliza maji yaliingiaje. Sakafu huoza kwa sababu maji yaliingia yakakosa pa kutokea. Mwagia maji kioo cha mbele huku mwenzako yuko ndani na tochi. Angalia mpira wa kioo, tundu za kutolea maji chini ya milango, na sehemu iliyo chini ya waipa ambako majani hujazana. Kama unyevu uko upande wa abiria tu na una utelezi wenye harufu tamutamu, basi hita ya ndani inavuja maji ya rejeta. Ukiweka bati jipya bila kuziba chanzo, umeipa kutu chakula kingine.

Chukua bisibisi kuukuu yenye ncha na nyundo ndogo, upige kila inchi ya sakafu. Bati zima hutoa mlio mkali. Lililooza hutoa mlio wa kufa, na bisibisi huzama. Usiwe na huruma. Zungushia chaki mahali pote panapozama, kisha panua mstari mpaka ufike kwenye chuma safi. Ukaguzi usiishie sakafuni. Pima vizingiti vya milango, sehemu za kufungia mikanda na viti, na boksi za chuma zinazopita chini. Kwenye gari lenye chesi yake peke yake, sakafu ni ya kukalia tu. Kwenye gari ambalo bodi yenyewe ndiyo chesi, sakafu na vizingiti hubeba uzito wa gari lote na ndivyo vinavyokulinda ukigongwa. Ukikuta boksi kuu zimeoza, au mahali pa kufungia sasipensheni pamelegea, hapo ndipo pa kumwita mchomeleaji mwenye uzoefu hata kama kazi nyingine zote utazifanya mwenyewe.

Kupima na kukata

Kwa gari ambalo bodi yenyewe ndiyo chesi, usikate upande mzima kwa mara moja. Chomelea kwa muda bomba la chuma la mraba kutoka nguzo hadi nguzo ndani ya uwazi wa mlango, ili bodi isijikunje. Pima ulalo wa uwazi huo kona kwa kona, andika namba hizo ukutani, na uzirudie kila baada ya hatua. Mlango uliokuwa unafunga vizuri usipofunga tena, sakafu uliyoichomelea imeivuta bodi.

Kata kwa diski nyembamba ya milimita 1, ndani kidogo ya mstari wa chaki. Acha kona za mviringo, si za mraba, kwa sababu ufa huanzia kwenye kona kali. Chunguza kilicho chini ya bati kabla ya kila mkato. Huwa kuna bomba la breki linalokusubiri.

Tengeneza kiolezo cha karatasi ngumu kwanza, si cha bati. Kikate, kikunje, kijaribu, kikate tena. Kikikaa vizuri ndipo ukichore kwenye bati. Sakafu nyingi za viwandani zilikuwa na unene wa kati ya milimita 0.8 na 1.2, kwa hiyo bati jeusi laini la geji 18, ambalo ni kama milimita 1.2, linatosha. Nene zaidi ya hapo halikusaidii: huongeza uzito na hugoma kuungana na bati jembamba la zamani. Epuka bati la mabati ya kuezekea. Zinki yake ikiungua hutoa moshi mweupe unaoleta homa ya mafundi, baridi na kutetemeka usiku kucha, tena halichomeleki vizuri.

Kama sakafu ya asili ilikuwa na mifereji iliyoinuliwa, usiipuuze. Mifereji hiyo huifanya bati nyembamba isidunde. Unaweza kuikunja kwa kugongea bati juu ya fimbo ya chuma iliyolazwa, au ununue kipande cha sakafu kilichotengenezwa kwa ajili ya gari lako kama kinapatikana. Kwa magari mengi mashuhuri vinapatikana, na kwa maoni yangu hapo si pa kubana matumizi.

Kuchomelea bila kulikunja bati

Mashine inayofaa ni ya MIG, inayojilisha waya yenyewe, yenye waya wa milimita 0.6, na gesi ya argoni iliyochanganywa na kaboni dioksidi. Mashine ya vijiti inaweza, lakini kwenye bati la milimita 1 hutoboa kuliko inavyounga, na mtu anayejifunza ataishia kuchomelea matundu aliyoyatengeneza mwenyewe. Fanya mazoezi kwenye vipande vya bati lile lile mpaka upate kipimo cha umeme na kasi ya waya. Mlio wa kukaanga, ulio sawa bila kupasukapasuka, ndio unaoutafuta.

Chuma kiwe cheupe pande zote mbili, hata kwa nyuma, sentimita 3 kutoka kwenye kiungo. Kutu, rangi na lami huingia kwenye mchomeleo na kuuacha na vijitundu. Chagua kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kuweka bati ukingo kwa ukingo, ambayo ni safi lakini inadai vipimo kamili. Ya pili ni kupandanisha bati jipya juu ya la zamani kwa milimita 15 hadi 20, ukitoboa matundu ya milimita 6 hadi 8 kwenye bati la juu, kila baada ya sentimita 3 au 4, na kuyajaza kwa mchomeleo. Kwa anayeanza, ya pili inasamehe zaidi. Ila pale yanapopandana, paka kwanza praima (rangi ya awali) ya zinki inayoruhusu kuchomelewa, ondoa praima hiyo kwenye matundu yenyewe, na baadaye ziba kingo zote mbili. Uwazi kati ya mabati mawili ndiyo nyumba ya kutu mpya.

Shikiza kwa doti. Doti moja hapa, nyingine upande wa pili, ya tatu katikati, na kadhalika, ukiyaacha mabati yapoe kati yake hadi uweze kuyagusa. Usivute mstari mrefu wa mchomeleo hata mara moja. Joto la mstari mrefu hulivimbisha bati, na likishavimba hakuna nyundo itakayolirudisha jinsi lilivyokuwa. Jaza nafasi kati ya doti kidogo kidogo mpaka mstari ukamilike. Ni kazi ya kuchosha. Wekeza subira hapa, si kwenye kung'arisha.

Mtu wa pili awe chini au nje na ndoo ya maji na kizima moto. Nta na lami iliyo upande wa pili wa bati huwaka bila wewe kuona, kwa sababu umevaa kofia ya kuchomelea. Baada ya kumaliza, kaa hapo nusu saa nyingine ukinusa na kutazama, halafu ndipo uende.

Kuilinda sakafu

Saga mchomeleo kwa diski ya mapanga ya msasa, taratibu, usilipashe bati joto tena. Palipobaki na kutu ya juujuu kwenye kona usizofikia, tumia dawa yenye asidi ya fosforiki, ambayo huigeuza kutu kuwa fosfeti ya chuma. Soma chupa inavyosema kuhusu kusafisha baadaye. Mabaki ya asidi yakifunikwa na praima ya epoksi, praima hiyo haishiki na hubanduka kama karatasi. Dawa hizi si za matundu wala za kutu inayobanduka kwa magamba. Magamba huondolewa kwa brashi ya waya na msasa.

Futa mafuta kwa kitambaa kisicho na nyuzi, kisha paka praima ya epoksi, mikono miwili (yaani tabaka mbili), juu na chini. Epoksi haipitishi maji kirahisi, tofauti na praima za kawaida zinazonyonya unyevu. Ikikauka, ziba viungo vyote kwa silanti ya magari, juu ya epoksi na si juu ya chuma kitupu. Chini ya gari weka mpako mgumu wa kuzuia mawe, halafu rangi.

Lami nyeusi inayopakwa moja kwa moja juu ya kutu ina sifa mbaya, na inastahili. Hukauka, hupasuka, maji huingia nyuma yake yakakaa. Ukikuta gari lenye lami mpya kabla ya kuuzwa, shuku.

Ndani ya vizingiti na boksi, nyunyizia nta ya matundu kwa mpira mrefu wenye pua ya kunyunyizia pande zote. Hii ifanyike baada ya rangi kumalizika, kwa kuwa nta ikigusa bodi kabla ya rangi, rangi haitashika. Tundu za kutolea maji zibaki wazi. Zipitishe waya baada ya kila mpako.

Rangi: je, unaihitaji?

Kabla ya kuivua rangi ya zamani, jiulize kama haiwezi kuokolewa. Rangi za kale nyingi hazina klia (tabaka angavu) juu yake; rangi ni ile ile kuanzia juu hadi kwenye praima. Zikififia, huwa ni ngozi ya juu tu iliyokufa. Jaribu dawa ya kung'arisha mahali padogo. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, na chini yake kuna mng'ao, huenda umejiokolea miezi ya kazi. Gari lenye rangi yake ya kiwandani, hata ikiwa na mikwaruzo, wapenzi wengi wa magari ya kale hulithamini kuliko lililopakwa upya.

Kama haiokoleki, tambua ni rangi gani. Chovya kitambaa cheupe kwenye thina kali ya selulosi, sugua mahali pasipoonekana. Rangi ikiyeyuka na kuhamia kwenye kitambaa, ni selulosi au akriliki ya zamani. Ikilainika au kujikunja, ni enameli. Isipofanya chochote, imepakwa rangi ya kisasa ya vipande viwili, inayochanganywa na kikaushio. Jibu hili ni muhimu, kwa sababu rangi yenye thina kali ikipigwa juu ya enameli hujikunja yote usiku mmoja.

Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa laini juu ya bodi. Isiposhika, chini kuna filla nene (mchanganyiko wa kujazia mabonde) au risasi. Filla nene yenye nyufa ivuliwe hadi chuma. Usipeleke boneti, paa au milango kupulizwa mchanga kwa nguvu, maana bati bapa hujinyoosha na kujaa mawimbi. Dawa ya kuvulia rangi na msasa namba 80 ni salama zaidi kwa sehemu hizo.

Chuma kikishakuwa wazi, kipake epoksi siku hiyo hiyo. Unyevu wa hewa usiku mmoja unatosha kuleta kutu usiyoiona. Nyoosha mabonde kwa nyundo na ubao wa chuma wa kuegemeza kadiri uwezavyo, kisha filla iwe ya kumalizia tu: milimita 3 ni mwisho. Filla haipakwi juu ya praima yenye asidi. Isugue kwa ubao mrefu, si kwa vidole, kwa mwendo wa mshazari, namba 80, kisha 120, kisha 180. Vidole hufuata bonde na kulihifadhi; ubao hulifunua.

Kisha praima nzito, mikono miwili au mitatu. Ikikauka, pulizia vumbi jepesi la rangi nyeusi juu yake na usugue kwa ubao na maji, namba 320 hadi 400, kisha 600 kabla ya rangi. Weusi unaobaki ni bonde. Weupe wa chuma unaotokea ni kilima. Hapa ndipo rangi nzuri inapopatikana, si kwenye bunduki. Ukishachoka na kusugua, zima taa za juu, lalisha tochi pembeni ya bodi, na utaona kazi iliyobaki.

Onyo la rangi ya vipande viwili

Rangi, klia na praima nzito nyingi za kisasa zinazochanganywa na kikaushio zina isosayaneti. Ukungu wake ukivutwa huweza kuleta pumu ya kudumu, na mwili ukishaanza kuikataa, hata kiasi kidogo sana baadaye huleta shambulio. Harufu haikuonyi, kwa kuwa unaweza kuvuta kiasi cha hatari kabla hujaisikia. Barakoa ya vumbi haisaidii kitu. Kinachotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, suti, glavu na macho yaliyofunikwa, ndani ya chumba kinachonyonya hewa. Watu wachache wana hivyo nyumbani.

Kwa hiyo chaguo la busara ni mawili. Moja, fanya maandalizi yote mwenyewe, kisha rangi ya mwisho ipulizwe kwenye chumba cha kitaalamu. Maandalizi ndiyo sehemu kubwa ya kazi na gharama. Mbili, tumia rangi isiyo na kikaushio cha isosayaneti, kama akriliki ya kipande kimoja au enameli ya sintetiki, ambayo kwa gari la kale ina hata mwonekano unaofanana zaidi na ule wa enzi zake. Hata hizi zinahitaji barakoa yenye vichujio vya mvuke, hewa inayotembea, na pasiwe na moto wala swichi yenye cheche karibu.

Kupuliza

Chagua siku kavu isiyo na upepo, nyuzi 18 hadi 25 hivi. Unyevu ukiwa mwingi, rangi ya selulosi hupata ukungu mweupe. Lowesha sakafu ya gereji kuzuia vumbi. Kompresa iwe na kichujio cha maji karibu na bunduki, na uwezo wake wa hewa ufikie kile bunduki inachodai kwa dakika. Wengi huangalia ukubwa wa tangi tu, kisha hewa huwaishia katikati ya paa.

Pua ya milimita 1.3 au 1.4 ni ya rangi. Ya praima nzito ni 1.7 hadi 2.0. Futa mafuta, pitisha kitambaa chenye unata cha kunasia vumbi, kisha jaribu mpuliziko kwenye karatasi ukutani mpaka umbo lake liwe yai refu lililo sawa juu na chini. Shika bunduki sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bodi, ikiielekea moja kwa moja bila kuinama, na uisogeze kwa mkono mzima bila kukunja kifundo. Kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Anza kusogea kabla ya kubonyeza, na uachie baada ya kupita ukingo.

Mkono wa kwanza uwe mwepesi, bodi ionekane kwa chini. Acha upumue dakika 10 hadi 15, au kama kopo linavyosema, kisha mikono miwili iliyojaa. Rangi ikitiririka, iache. Usiifute. Ikikauka kabisa utaisugua kwa namba 1500 na maji juu ya kipande kidogo kigumu. Vijicho vya samaki (vijishimo vya mviringo kwenye rangi) vikitokea, kuna silikoni au mafuta. Simamisha, acha ikauke, sugua, safisha upya. Dawa za kung'arisha dashibodi na matairi zisiingie gereji hiyo katika kipindi chote cha kazi.

Enameli huhitaji wiki kadhaa kukomaa kabla ya kung'arishwa. Akriliki huwahi. Ukiwa tayari, ondoa ganda la chungwa (vijinundu vya rangi vinavyofanana na ganda hilo) kwa namba 1500, kisha 2000 na 3000, kwa maji yenye tone la sabuni, kisha dawa ya kung'arishia. Kingo na mistari ya bodi zifunike kwa utepe, maana rangi huwa nyembamba hapo na mashine huikata mpaka praima kwa sekunde chache. Na sasa ndipo nta inapoingia ndani ya vizingiti.

Ekzosi inarudi

Ekzosi huoza kutoka ndani. Petroli ikiungua hutoa maji, karibu lita moja kwa kila lita ya mafuta, na safari fupi hazilipashi bomba joto la kutosha kuyakausha. Yanakusanyika kwenye sailensa ya nyuma, iliyo mbali na injini na baridi zaidi, ndiyo maana hiyo huoza kwanza. Sailensa nyingi zina kitundu kidogo chini cha kuyatolea. Usikizibe ukidhani ni uvujaji.

Chuma cha kawaida ni rahisi kuchomelea lakini huondoka mapema. Chuma kilichopakwa aluminiamu hudumu zaidi, na kwa gari linalotumika mara moja moja kinatosha. Chuma kisichoshika kutu ndicho cha kudumu, ila mlio wake huwa mkali kidogo, na baadhi ya watu hawaupendi kwenye gari tulivu la zamani. Kipenyo kibaki kile cha asili. Injini ya kabureta iliyopewa bomba pana huenda ikahitaji kurekebishiwa mchanganyiko wa mafuta upya.

Pima ubapa wa manifoldi kwa rula ya chuma. Ikiwa imejipinda, ipelekwe kusagwa, kwani gasketi mpya haitaziba. Tumia nati za shaba au zilizopakwa shaba, na grisi ya joto kali kwenye nyuzi, ili anayefuata asivunje stadi. Kaza kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu.

Mabomba mengine yaunganishe yote kwa ulegevu kwanza, na mipira mipya ya kuning'inizia. Yazungushe mpaka kila kitu kikae huru: angalau sentimita 2 na nusu kutoka sakafuni, mbali zaidi na mabomba ya breki na ya mafuta. Itikise injini kwa mkono, maana hucheza kwenye mipira yake na kuvuta ekzosi pamoja nayo. Ndipo ukaze, ukianzia kwenye manifoldi kwenda nyuma. Bomba la mwisho litokeze nje ya bodi. Likiishia chini ya bampa, moshi hunyonywa kurudi ndani kupitia mpira wa buti uliochakaa.

Washa injini ikiwa baridi, nje ya gereji. Mwenzako azibe mwisho wa bomba kwa kitambaa kinene kwa muda mfupi, nawe usikilize mlio wa kupumua kwenye viungo. Paka maji ya sabuni palipo na shaka kabla hapajapata joto. Ukitumia rangi ya joto kali, itatoa moshi mara ya kwanza na kukomaa kwa joto la injini lenyewe. Ziba kila tundu la sakafu na ukuta wa injini kwa vizibo vya mpira, weka kipima kaboni monoksidi cha betri kwenye kiti, funga vioo, na uendeshe polepole eneo la karibu. Kikilia, simama, fungua milango, zima injini.

Baada ya joto na baridi mara mbili au tatu, klempu huwa zimelegea. Rudi chini ya gari, juu ya stendi zile zile, uzikaze tena kuanzia mbele, na uguse silanti ya sakafu juu ya bomba kuona kama imelainika. Ikiwa imelainika, bomba liko karibu mno: lishushe kidogo, au weka ngao ya bati yenye nafasi ya hewa kati yake na sakafu.